Mashine ikilia, usikimbilie kupunguza kasi

FUNDI yeyote aliyewahi kukereza chuma anaufahamu mlio huo. Mashine huanza kazi kwa utulivu, kisha ghafla hupiga ukelele mkali unaosikika hadi nje ya karakana.

Anapoizima na kuukagua mhimili aliokuwa akiukereza, hukuta umejaa mikunjo mithili ya mchanga wa ufuoni maji yanapokupwa. Mhimili kama huo ukifungwa kwenye pampu, hutafuna sili ya mpira na maji huanza kuvuja. Mteja akiukataa, gharama ya chuma na ya siku nzima ya kazi humwangukia fundi.

Kwa mafundi wa jua kali wanaochonga vipuri Kariobangi au kwingineko nchini, hasara hiyo si haba.

Je, kiini chake ni nini? Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi wa Marekani Frederick Taylor alikiri kwamba mtetemo huu ni miongoni mwa mambo yaliyofumbika zaidi katika ukataji wa chuma. Maelezo ya kina yalipatikana katika miaka ya 1950 na 1960, kupitia watafiti kama vile Jiří Tlustý wa Czechoslovakia na Stephen Tobias wa Uingereza.

Kisu cha mashine, hata kikiwa kinene, hupindika kidogo kinapokata. Kikitikisika mara moja tu, huacha wimbi dogo juu ya chuma. Chuma kikimaliza mzunguko, kisu hukutana na wimbi lilelile. Penye mwinuko hukata kingi, penye bonde hukata kidogo.

Hivyo basi nguvu inayokisukuma kisu hupanda na kushuka, nacho hutikisika zaidi na kuacha wimbi kubwa kuliko la kwanza. Kwa maneno mengine, mtetemo hujilisha wenyewe.

Hata hivyo, si kila mtetemo ni wa aina hii. Badilisha kasi kidogo na utege sikio. Sauti ikipanda na kushuka pamoja na kasi, yamkini chanzo ni beringi iliyochakaa au chuma kisichozunguka sawasawa. Sauti ikibaki karibu ileile, basi ni kisu, kishikizo chake au chuma chenyewe kinachojitetemesha.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, na mafundi wengi huutii usemi huo kwa kupunguza kasi papo hapo. Ni kweli kwamba kasi ya chini mno huweza kuinyamazisha mashine, kwani ubavu wa kisu husugua mawimbi na kuyafifisha. Lakini kazi hukokoteka, na kiini cha tatizo hubaki palepale.

Dawa ya kwanza ni uimara. Pima urefu wa kisu kilichochomoza nje ya kishikizo. Urefu huo ukiongezwa maradufu, kisu hupindika mara 8 zaidi kwa nguvu ileile. Ukipunguzwa kutoka milimita 100 hadi 80, kupindika hupungua kwa karibu nusu, bila gharama yoyote.

Kwa fimbo ya chuma cha pua ya kupanulia matundu, urefu uliochomoza usizidi takriban mara 4 ya unene wake. Fimbo ya kabaidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu kupinda karibu mara 3 zaidi, huweza kufika mara 6 hivi.

Aidha, mhimili mrefu na mwembamba sharti ushikiliwe pia upande wa pili. Tumia kisu kikali chenye ncha isiyo na duara kubwa, kwa sababu duara kubwa hukisukuma kisu mbali na chuma. Punguza kina cha mkato, lakini usikifanye kisu kisugue tu badala ya kukata.

Mlio ukiendelea baada ya hayo, ndipo ubadilishe kasi, na wala si kwa kuishusha tu. Wakati mwingine kuipandisha hufanya wimbi jipya lilingane na la awali, unene wa mkato ubaki uleule, na mtetemo ukose chakula.

Naam, mashine inapolia huwa inaeleza palipolegea. Fundi aizime kwanza, kisha achukue rula.