SI MVIVU, NI MGONJWA



Kila kiwanda kinamjua mtu huyu. Alikuwa wa kwanza kufika langoni, sasa anachelewa. Chakula cha saa sita hakigusi. Ukimsalimu anaitikia kwa shida. Kapita anaandika: mvivu. Majirani wanasema amerogwa, ama ni pombe. Hakuna anayemwuliza.

Huenda ni ugonjwa, na madaktari wanauita sonona. Si huzuni ya msiba, ambayo hupungua siku zikipita. Huu hukaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku: usingizi unakatika, nguvu zinaisha, mtu anajiona hana thamani hata kwa watoto wake. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 wagonjwa walikuwa milioni 280 hivi duniani. Sisi tuliopita katika vita vya 1993 hadi 2005 tusishangae kuukuta kwetu, ingawa hata deni au kufukuzwa kazi huweza kuuleta.

Wengine husema ni maradhi ya Wazungu. Basi tutazame Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, ambako wanavijiji wenyewe wana majina ya maradhi haya kwa Kiganda. Jaribio lilifanyika katika vijiji 30, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Wagonjwa walikaa katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakielezana matatizo yao. Mwanzoni 86 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa. Mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyopata vikundi, zaidi ya nusu walibaki wagonjwa. Wiki mbili za mafunzo, ndugu zangu! Chama chetu kinashindwa nini?

Usimwambie mwenzako "jikaze, wewe ni mwanamume". Keti naye, sikiliza, usimkatize. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asibaki peke yake, na dawa za kuulia wadudu ziwekwe mbali naye. Nyinyi wa mashambani mnanielewa.

Kisha mpeleke Kamenge, hapa Bujumbura, kwenye kituo cha magonjwa ya akili kilichofunguliwa mwaka 1981 na watawa wa Frères de la Charité. Wengi wanaogopa kuonekana pale wakaitwa wendawazimu. Kwa hiyo usimtume, nenda naye. Akipewa dawa, mkumbushe kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiziache bila kumwuliza daktari.

Nanyi wajumbe wa chama, msingoje barua ya kufukuzwa. Mkimwona mtu wa kazi amebadilika ghafla, zungumzeni naye kwanza, na kwa ruhusa yake mwendeni kwa mkuu wa wafanyakazi mkamwombee siku za kutibiwa.