Kosa Si la Klorini

Katika miji ya Homa Bay na Migori imeingia desturi ambayo wazee waliokulia ukingoni mwa Ziwa Victoria, au kando ya mito ya Kuja na Migori, hawakuijua utotoni mwao, nayo ni ya kuwapeleka watoto hotelini siku za likizo na sikukuu ili wakaogelee katika bwawa la saruji lenye maji ya samawati yanayonuka dawa. Wako wazazi wanaoiona harufu ile kuwa ndiyo dhamana ya usafi, na wako wanaoichukia kwa kuamini kwamba klorini hula meno ya watoto. Walakini hawa na wale wote wamepotoka, kwa maana harufu inapokuwa kali aghalabu ni dalili kuwa klorini imekutana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na kinachoyala meno si klorini yenyewe bali ni tindikali.

Jino la binadamu limevikwa ganda gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, nalo ganda hilo, pamoja na ugumu wake wote, huanza kuyeyuka likikaa katika maji yenye kipimo cha pH kilicho chini ya 5.5 au karibu na hapo. Kila aliyewahi kula embe bichi mpaka meno yakapata ganzi anaifahamu kazi ya tindikali, ingawa ganzi ile hupita baada ya muda, ilhali ganda lililokwisha yeyuka likaondoka halioti tena maishani. Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ganda la meno ya utotoni ni jembamba, na meno ya ukubwani, yanayoanza kuchomoza mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, hutoka yangali machanga na hayajakomaa.

Maji ya bwawa lililotunzwa ipasavyo huwa na pH kati ya 7.2 na 7.8, kiasi ambacho hakilidhuru jino hata kidogo. Matata huzuka mtunzaji anapotia dawa pasipo kupima, kwani dawa zenyewe hazifanani: klorini ya gesi, itumikayo katika mabwawa makubwa, huzaa tindikali ya haidrokloriki inapochanganyika na maji; vidonge vinavyoyeyuka polepole navyo huvuta maji upande huo huo; bali unga wa klorini yenye kalsiamu huyavuta upande wa pili. Maji ya mvua, ambayo wengi wetu huyakinga mapaani, hayana nguvu ya kuizuia tindikali, na bwawa lililojazwa kwa hayo hubadilika upesi. Dawa ya kuyarudisha maji katika hali yake si ghali wala haitoki mbali, maana ni magadi yaliyosafishwa, yale yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi hapa hapa Kenya.

Kisa mashuhuri katika habari hii kilitokea Charlottesville, katika jimbo la Virginia huko Marekani, ambako madaktari wa meno waliwaona waogeleaji wawili wa klabu moja wakiwa na meno yaliyolika, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1983 ukawahusisha wanachama 747. Miongoni mwa wasioogelea waliolalamikia dalili za kulika meno walikuwa asilimia 3; miongoni mwa waogeleaji wa kawaida, asilimia 12; na miongoni mwa wale wa timu ya mashindano, waliokuwa majini karibu kila siku, asilimia 39. Maji ya bwawa lile, yaliyotiwa klorini ya gesi, yalipopimwa yalionyesha pH ya 2.7, na kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, tindikali yake ilizidi ile ya bwawa salama kwa makumi ya maelfu ya mara. Basi mtoto anayeogelea mara moja kwa mwezi hana sababu ya kuogopa; anayestahili kuangaliwa ni yule wa mazoezi ya kila siku, ambaye hata katika maji mazuri, akizidisha saa 6 kwa juma, anaweza kuota ukoga wa hudhurungi kwenye meno ya mbele, na ukoga huo daktari huusafisha bila taabu.

Kupima ni jambo sahali. Maji ya bwawa hutiwa katika kichupa, yakadondoshewa dawa iitwayo fenoli nyekundu, kisha rangi hulinganishwa na kibao: wekundu wa wastani ni salama, na umanjano ni hatari. Lakini umanjano huo hautofautishi pH ya 6.5 na ya 3, kwa hiyo aonaye manjano na awatoe watoto majini kwanza, asitosheke kusema kwamba imepungua kidogo tu.

Ni haki kusema pia kwamba watoto walio wengi wa kaunti hizi mbili hawalijui bwawa la hoteli. Wao huogelea ziwani, ambamo kuna kichocho, viboko na mamba, ila maji yake hayali meno. Kwao, hasa wakaao karibu na Homa Hills, ambayo ni volkano ya kale, maji ya kuhofiwa kwa ajili ya meno ni ya kunywa, kwani miamba ya volkano katika Afrika Mashariki hutoa floridi, na mtoto anayeinywa kupita kiasi kabla ya kutimiza miaka 8 hivi hutokewa na meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyosafishika kwa mswaki. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuipunguzi floridi, na magadi yanayolainisha mrenda jikoni yanaweza kuiongeza. Kisima kipya na kipimwe kabla ya watoto kukizoea.

Ama bwawani, mtoto akitoka asukutue kwa maji safi, na mswaki ungoje kama nusu saa. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa kiingilio, mwombeni mtunzaji awaonyeshe kichupa chake na daftari la vipimo vya siku hiyo. Akiwa hana, chukueni watoto wenu mwende zenu.