Mtihani wa algoriti: Jibu sahihi halitoshi

WANAFUNZI wa sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu hupitia somo moja ambalo wengi wao hulihofia, nalo ni miundo ya data na algoriti. Humo hujifunza namna ya kuhifadhi taarifa ndani ya kompyuta na hatua za kuzitafuta bila kupoteza muda. Tatizo linalowakabili wahadhiri ni kumpima mwanafunzi huyo, kwa kuwa programu inayotoa jibu sahihi si uthibitisho kwamba aliyeiandika ameelewa.

Tuchukue mfano wa orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti. Anayesoma jina moja baada ya jingine huenda akalazimika kuyapitia yote. Anayeanzia katikati, akaiacha nusu isiyohusika na kuendelea hivyo, humaliza kwa hatua zisizozidi 20. Mhadhiri akizijaribu programu hizo mbili kwa majina kumi tu, zote hujibu papo hapo, na aliyekwepa kazi huondoka na alama sawa na aliyeifanya.

Makosa mengine hujificha zaidi. Katika orodha ya namba 3, 8, 12, 19, 25, 31 na 40, mwanafunzi aliyesahau kusogeza mpaka wa chini kwa nafasi moja bado ataipata 31. Akiulizwa 32, ambayo haimo, programu yake itazunguka pale pale kwenye 31 bila kukoma. Kwa hiyo, majaribio ya mtihani hayana budi kujumuisha kisichokuwapo, orodha tupu na orodha kubwa sana.

Si wanafunzi peke yao wanaoteleza. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba programu ya kutafuta kwa njia hiyo hiyo, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa ajili ya lugha ya Java, ilikuwa na kosa lililokaa takriban miaka tisa. Mipaka miwili ilipojumlishwa, jumla iliweza kuzidi 2,147,483,647, ambayo ni namba kubwa kuliko zote ambazo nafasi iliyotengwa ingeweza kubeba.

Watafiti nao wamelichunguza suala hili, hususan kwa wanaoanza. Utafiti wa mwaka 2001 ulioongozwa na Michael McCracken uliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne kwa kuwataka waandike programu. Wastani wao ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake walionyesha kwamba wengi walishindwa hata kufuatilia, kwa kalamu na karatasi, programu fupi iliyoandikwa na mtu mwingine. Hapo ndipo wahadhiri wengi walipoanza kutilia maanani maswali ya kufuatilia hatua na kueleza sababu.

Hoja hiyo imepata uzito mpya tangu Novemba 2022, ilipozinduliwa ChatGPT. Zoezi la kufanyia nyumbani, lililokuwa na alama nyingi, sasa laweza kuandikwa na mashine kwa sekunde chache. Kurejea kwenye karatasi tupu ndani ya ukumbi si tiba kamili, kwani mtahiniwa aliyekariri huandika alichokariri, na mwenye kuelewa huweza kupoteza alama kwa kusahau nukta.

Mahojiano ya ana kwa ana yangefaa zaidi, lakini yana gharama. Darasa la wanafunzi 200, kila mmoja akipewa dakika tano, humtaka mhadhiri zaidi ya saa 16. Njia ya kati ni kumpa mtahiniwa programu yenye kosa na kumwuliza ni namba gani itakayoikwamisha, na kwa nini. Swali la namna hiyo husahihishwa haraka, ingawa kulitunga vizuri huweza kumchukua mwalimu jioni nzima.