Kijana Anayesimama Nyuma ya Daktari: Wanafunzi Wanaokuja Kuitazama Kazi ya Afya na Haki ya Mgonjwa

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali inayofundisha huzungukwa na watu wengi kuliko alivyotarajia. Asubuhi, madaktari wanapopita wodini, kitanda kimoja huweza kuzungukwa na watu kumi au zaidi, wote wamevaa makoti meupe, na mgonjwa akabaki akijiuliza ni yupi kati yao anayemtibu. Swali hilo ni halali kabisa. Yupo daktari bingwa. Yupo daktari anayesomea ubingwa, ambaye tayari ana shahada ya kwanza na leseni ya kutibu. Yupo mtarajali, yaani mhitimu aliyemaliza masomo ya chuo, ambayo kwa udaktari ni miaka mitano, na sasa anafanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Wapo wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi. Na nyuma kabisa, karibu na dirisha, husimama wakati mwingine kijana mmoja au wawili wasio wa kundi lolote kati ya makundi hayo. Wamemaliza kidato cha sita, au wako mwaka wa kwanza wa chuo, na wamekuja kwa wiki chache kuitazama kazi hii kabla hawajaamua kuifanya.

Makala hii inawahusu hao wa dirishani. Mitaani huitwa kwa majina mbalimbali: wapo wasemao wako "field", wapo wasemao wanajitolea, na wapo wanaojiita watarajali hali si watarajali. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mtarajali hutibu, hukesha zamu, huandika katika faili la mgonjwa na huwajibika kwa alichoandika. Kijana wa dirishani hatibu. Nitamwita mwanafunzi mtazamaji, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yake yote.

Kwa nini tumkaribishe? Sababu yangu ya kwanza ni namna vijana wetu wanavyochagua masomo. Mwenye alama nzuri za fizikia, kemia na biolojia huelekezwa kwenye udaktari karibu bila kuulizwa, na nyumbani husemwa "mwanetu atakuwa daktari" kana kwamba hospitali nzima ina kazi moja. Nimefundisha wanafunzi waliogundua katika mwaka wa tatu, wakiwa tayari na deni la mkopo wa elimu ya juu, kwamba hawawezi kustahimili harufu ya kidonda wala sauti ya ndugu wanaolia nje ya mlango. Hilo si kosa lao. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Kwa miaka mingi tuliwapanga watazamaji kumfuata daktari, na wakaona kile ambacho daktari huona: dakika saba kwa kila kitanda. Siku hizi mimi humpa kila mmoja mgonjwa mmoja wa kumfuata, mgonjwa akiridhia. Mgonjwa wa kiharusi hufaa sana kwa hili. Katika siku tatu kijana atamwona mtaalamu wa radiolojia akipiga picha ya ubongo kwa mashine ya CT, na atajifunza kwamba bila picha hiyo daktari hawezi kujua kwa hakika kama mshipa umeziba au umepasuka, wala kama dawa ya kuzuia damu kuganda itasaidia au itaua. Atafika maabara na kuona sukari na utendaji wa figo vikipimwa. Atamsikia mfamasia akimwambia daktari, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, kwamba dozi aliyoandika haifai kwa figo zile. Atamwona muuguzi akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usifanye vidonda vya mgandamizo, usiku na mchana, kazi ambayo haionekani ila pale isipofanywa. Atamwona mtaalamu wa fiziotherapia akimfundisha mzee wa miaka sabini kukaa kitandani bila kuegemea upande uliopooza. Atamkuta afisa ustawi wa jamii akihesabu pamoja na familia gharama ambazo hazikutegemewa, na fundi wa vifaa tiba amepiga magoti mbele ya mashine ya oksijeni iliyokataa kuwaka.

Baada ya safari hiyo, wengine hubadili chaguo lao la chuo. Kijana mmoja aliyekuja akitaka upasuaji aliondoka akiulizia shahada ya maabara, na baba yake alinipigia simu akinilaumu. Nilimjibu kwamba kuchagua akiwa na miaka kumi na tisa ni nafuu kuliko kujuta akiwa na miaka thelathini. Sijui kama aliridhika.

Watazamaji wengi huogopa kuzimia, nao hunong'ona juu ya jambo hilo kana kwamba ni aibu. Huzimia kweli baadhi yao, hasa katika chumba cha upasuaji. Kusimama muda mrefu bila kusogea huacha damu ikusanyike miguuni. Mtu akiona asichokizoea, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka ghafla, ubongo ukakosa damu ya kutosha, naye akaanguka. Hatari kubwa ni kugonga kichwa sakafuni. Kwa hiyo nawaambia: kula asubuhi, kunja magoti kidogo unaposimama, chezesha vidole vya miguu, na ukihisi joto, jasho na kiwi cha macho, kaa chini papo hapo ulipo bila kuomba ruhusa. Daktari anayemcheka mwanafunzi aliyekaa sakafuni amesahau siku yake mwenyewe.

Lipo jambo gumu zaidi. Wodi zetu zina uhaba wa watumishi, na kijana mwenye mikono miwili asiye na kazi ni kishawishi kikubwa. "Hebu nishikie hapa." "Mpe yule mzee uji." Maneno hayo huonekana mepesi, ila lile la uji ndilo linalonitisha zaidi. Mgonjwa wa kiharusi ambaye umezaji wake haujapimwa anaweza kupaliwa bila hata kukohoa, uji ukaingia mapafuni, na nimonia ikamwua aliyekwisha kuokoka kiharusi. Kijana aliyeombwa kumlisha hajui hilo, na aliyemwomba, kwa uchovu wa zamu, hakukumbuka.

Madhara yanayoletwa na mwanafunzi asiyeelekezwa si mageni katika historia ya tiba. Katika hospitali kuu ya Vienna, miaka ya 1840, kulikuwa na kliniki mbili za wazazi: moja ilifundishia wanafunzi wa udaktari, nyingine wakunga. Mwaka 1846, katika ile ya wanafunzi wa udaktari, walikufa wanawake zaidi ya 11 kati ya kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Wanawake walijua, na walisihi wasipelekwe ya kwanza. Daktari Ignaz Semmelweis aliyekuwa msaidizi katika kliniki hiyo hakupata jibu hadi Machi 1847, mwenzake Jakob Kolletschka alipofariki baada ya kuchomwa kwa bahati mbaya na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Mwili wake ulionyesha dalili zilezile za wazazi waliokufa. Wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Semmelweis akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini, na katika miezi michache vifo vikashuka hadi kukaribia vile vya upande wa wakunga. Wanafunzi wale hawakuwa wazembe. Walifanya kama walivyowaona walimu wao.

Ndiyo maana siku ya kwanza watazamaji wangu hawaoni mgonjwa. Hujifunza kunawa mikono, na hujifunza kwamba kifaa chenye ncha kali hakiwahusu hata kikiwa kimeanguka sakafuni. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Kijana aliyekuja kwa wiki nne bila kuchanjwa hawezi kuikamilisha, basi hashiki sindano, hakusanyi takataka za wodini, habebi damu. Akichomwa pamoja na tahadhari zote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, na atoe taarifa saa ileile. Dawa kinga ya Virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanzishwa mapema ndivyo inavyofaa. Humezwa kwa siku 28. Anayeficha kwa kuogopa kufukuzwa huyapoteza masaa hayo. Wodi ya kifua kikuu hawaingii kabisa.

Hayo yote yanaweza kuandikwa katika mwongozo na yakafuatwa. Lililonifundisha zaidi halikuwa katika mwongozo wowote, nami nalieleza nikiwa nimebadili mambo madogo ili mhusika asitambulike.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, nilipita wodini nikiwa na watazamaji wawili. Tulifika kwa mama mmoja wa makamo aliyelazwa kwa homa na kikohozi. Nilimsalimu, nikafungua faili, nikaanza kueleza juu ya dawa zake za kufubaza virusi na miezi aliyoziacha. Nilishusha sauti na kuchanganya Kiingereza, kama tulivyozoea. Mama yule alijifunika uso kwa khanga. Nilidhani ni homa.

Baadaye muuguzi kiongozi aliniita pembeni. Binti mmoja kati ya wale wawili alikuwa jirani wa mama yule, nyumba ya tatu. Tangu shule ya msingi alikuwa akinunua maandazi kwake kila asubuhi. Walipokutana macho, binti alitaka kutoka, akaogopa kunikatiza.

Jioni ile mama aliomba kuondoka, akasaini kwamba anaondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Mshauri nasaha wetu alimpigia simu kwa wiki tatu kabla hajakubali kurudi kwenye dawa, na hata hivyo alihamia kliniki ya mbali yenye nauli ya mabasi mawili. Binti hakumwambia mtu yeyote. Naamini hivyo hadi leo. Kosa lilikuwa langu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Lakini hata bila sheria nilipaswa kujua kwamba Kiingereza si pazia. Yale maneno machache tunayodhani yanaficha ndiyo ambayo kila mtu Dar es Salaam anayafahamu.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Muuguzi humwuliza mgonjwa kabla, mwanafunzi akiwa hayupo, kwa sababu ni vigumu kumkataa mtu aliyesimama mbele yako na kukuamkia. Huambiwa jina la kijana na mtaa anakotoka. Orodha ya wagonjwa nayo huonyeshwa kijana kwa majina tu, bila maradhi, ili aseme "huyu namfahamu" na kupita kitanda hicho, hatumwulizi anamfahamuje. Simu hubaki ofisini. Kitambulisho husomeka kwa herufi kubwa: MWANAFUNZI MTAZAMAJI. Mambo ya virusi, mimba, akili na ukatili wa nyumbani hayasemwi kitandani mbele ya watazamaji, mgonjwa awe amekubali au la.

Nawe mgonjwa, huhitaji hoja. Ukisema "naomba niongee na daktari peke yetu", inatosha, na matibabu yako hayapungui hata kidogo. Unaweza kukubali leo na kukataa kesho. Unaweza kumruhusu kijana asikilize lakini asitazame unapovuliwa nguo. Ikiwa uliye naye ni mzazi mzee, mwulize yeye mwenyewe akiwa na fahamu zake. Wagonjwa wazee wengi hufurahia kuwa na mtu wa kuzungumza naye, ila nao huona haya, na ndugu huwajibia haraka.

Kwa kijana anayetaka nafasi: andika barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, ukiambatanisha barua ya chuo au shule yako, na ueleze unataka kuona kazi zipi. Hospitali ya wilaya mara nyingi itakupa zaidi ya ile kubwa, kwa kuwa utawaona watu walewale wakifanya kazi nyingi. Ukiambiwa siku ya kwanza uvae glavu na ushike sindano, kataa kwa adabu.

Yule binti alirudi ofisini kwangu siku mbili baada ya tukio. Nilitarajia aombe kuacha. Aliketi, akavuta pumzi, akauliza: akiendelea kununua maandazi kwa mama yule, je, mama ataona kama anamchunguza? Na akiacha, majirani si watauliza kwa nini, naye mama si ataelewa kwamba anamkwepa? Nilikuwa na shahada mbili ukutani nyuma yangu na sikuwa na jibu.

Mama alipopata nafuu na kurudi barazani kwake, binti alikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama siku zote. Alisema shikamoo. Akanunua mawili.