Ogani ya nyumbani kwa gharama nafuu: kabla kwaya haijanunua kinanda kipya

Msikilizaji wetu mmoja, mpiga kinanda wa kwaya ya usharika, alituuliza kwa ujumbe mfupi: kwaya imechangishana fedha, je, inunue kinanda kipya cha umeme chenye sauti nzuri ya ogani? Hewani tulikuwa na dakika mbili tu. Hapa tunaeleza kwa nafasi, kwa sababu ipo njia nyingine ambayo wengi hawajaisikia, na kinanda cha zamani mlichonacho huenda kikawa nusu ya kazi.

Ogani halisi ni kinanda cha mabomba. Upepo unasukumwa kwenye mabomba ya mbao na ya chuma, na kila noti ina bomba lake. Bomba la noti ya chini kabisa katika sauti ya kawaida lina urefu wa mita 2.4 hivi, la besi ya miguu hufika mita 4.8. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi lina ogani ya namna hiyo. Nyumbani haiingii.

Kwa hiyo wapiga ogani wa Ulaya na Marekani walipata njia ya mkato. Mtu anaingia kanisani na vinasa sauti, anarekodi bomba moja baada ya jingine, mara nyingi pamoja na mwangwi wa jengo lenyewe. Rekodi hizo zinaingizwa kwenye kompyuta. Ukibonyeza noti, unasikia bomba lile lile lililorekodiwa. Hiyo ndiyo ogani pepe.

Programu zinazojulikana zaidi ni mbili. Hauptwerk, iliyotoka mwaka 2002, ni ya kulipia. GrandOrgue ni ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Sisi tungeanza na hiyo ya bure bila kusita. Rekodi za mabomba hupakuliwa kando, na zipo za bure pia, kama zile za ogani ya Bureå, Uswidi. Seti ndogo ni mamia ya megabaiti, kubwa ni gigabaiti nyingi, kwa hiyo pakua ukiwa mjini penye mtandao wa uhakika, usimalize bando lako kijijini. Kitu kimoja cha kuangalia: GrandOrgue hupakia rekodi zote kwenye RAM ya kompyuta. Kompyuta ya mkononi iliyotumika yenye GB 4 itabeba seti ndogo. GB 8 ni afadhali zaidi. Simu haitoshi kwa kazi hii.

Sasa kinanda chenu cha zamani. Geuza mgongo wake uangalie. Kama kuna tundu la USB la kuunganisha kompyuta, au tundu la mviringo lenye matundu matano lililoandikwa MIDI, mmepona. Vinanda vingi vya kwaya vina vibonyezo 61, idadi ile ile iliyo kwenye ogani nyingi. Unakiunganisha, unapunguza sauti yake yenyewe hadi sifuri, kisha unabonyeza kulia kwa kipanya juu ya picha ya vibonyezo kwenye GrandOrgue, unaiambia isikilize, unagusa kibonyezo. Basi. Wala usishangae ukigonga kwa nguvu na sauti isiongezeke. Ogani ndivyo ilivyo, sauti inaongezwa kwa kufungua mabomba zaidi.

Wengi hukata tamaa siku ya kwanza kwa sababu moja: unabonyeza, sauti inakuja imechelewa. Tatizo si rekodi wala kinanda, ni mpangilio wa sauti wa kompyuta. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 1,024 huchelewesha kwa takriban milisekunde 23, na Windows huongeza zake juu yake. Shusha hadi 256, ambayo ni milisekunde 6 hivi, na uweke kiendeshi cha ASIO4ALL, nacho ni cha bure. Sauti ikianza kukatika-katika, panda kidogo.

Kazi kubwa ni miguu. Wapigaji wetu wengi wamejifunza kwa mikono tu, kwa sababu kinanda cha kwaya hakina pedali, na siku mtu akikalishwa mbele ya ogani yenye pedali anaona aibu bure. Pedali mpya za dukani ni ghali kuliko kompyuta yenyewe. Lakini fundi seremala anaweza kuzitengeneza: pedali 30 au 32 za mbao ngumu iliyokauka vizuri, sentimita 6 na nusu hivi kutoka katikati ya pedali ndefu moja hadi katikati ya inayofuata, kila moja na springi yake. Mbao mbichi ikatae, itapinda na pedali zitagusana.

Chini ya kila pedali weka sumaku ndogo, na kando yake swichi inayofungwa na sumaku. Swichi hizo huunganishwa na kibao kidogo cha Arduino aina ya Leonardo au Micro, ambavyo kompyuta huvitambua moja kwa moja kama kinanda. Huhitaji nyaya 32 kwenye kibao. Zipange kwa safu 8 na nguzo 4, utatumia miguu 12 tu ya kibao. Kila swichi iwe na diodi yake. Ukizikwepa, ukikanyaga pedali tatu utasikia na ya nne ambayo hukuigusa. Fundi redio anayejua kulehemu ataielewa kazi hii kwa mchoro mmoja.

Kuhusu spika, spika ndogo za kompyuta haziwezi besi ya pedali, ambayo hushuka hadi mtetemo 33 hivi kwa sekunde. Kwa mazoezi ya usiku tumia hedifoni. Kwa ibada unganisha kompyuta na mixa ya kanisa, na uhakikishe betri yake inakaa na chaji, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo rekodi zote hupakiwa upya kutoka mwanzo.