Nafasi Baina ya Pigo na Pigo

Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, ameeleza katika kitabu chake kikuu cha utabibu, Al-Qanun, namna ya kumtambua mgonjwa aliyekondeshwa na mapenzi ya siri: tabibu aushike mkono wake penye mshipa, kisha ayataje majina, moja baada ya jingine, na lile ambalo kila likirudiwa mshipa hugeuka mwendo ghafula, ndilo lenye kuificha siri yake. Mwenye kuusoma ufundi huo leo katika mji wa Kitengela huenda akatabasamu. Walakini wazo lilo hilo, kwamba moyo wa nyama huyatolea ushahidi yaliyofichwa na moyo wa hisia, ndilo liuzwalo sasa ndani ya saa za mkononi wanazozivaa baadhi ya abiria wanaodamka kupanda matatu za Nairobi, saa ambazo, juu ya hesabu ya hatua, humwonyesha mwenyewe tarakimu ambayo aghalabu haijui maana yake.

Tarakimu hiyo hupima tofauti ya nafasi baina ya pigo moja la moyo na pigo lifuatalo. Moyo upigao mara 60 kwa dakika haupigi kila itimiapo sekunde moja kamili. Nafasi ya kwanza yaweza kuwa milisekunde 960, ya pili 1,030, ya tatu 990, na kuhitilafiana huko, maadamu moyo wenyewe ni mzima, ni dalili ya siha wala si kasoro. Chanzo cha mapigo ni kifundo kidogo kilichomo katika chumba cha juu cha kulia cha moyo, ambacho lau kingeachiwa hiari yake kingepiga takriban mara 100 kwa dakika. Lakini kutoka shina la ubongo huteremka mshipa wa fahamu uitwao vagasi, nao hukizuia kama vile mwenye mkokoteni wa maji pale Kitengela amzuiavyo punda wake kwa hatamu, akikaza na kulegeza kadiri ya njia. Tuvutapo pumzi hatamu hulegea na moyo huharakisha. Tuitoapo hukazwa tena, na moyo hutulia. Mjerumani Carl Ludwig aliuchora mwendo huo kwa chombo chake mwaka 1847, na Otto Loewi, kwa kutumia mioyo ya vyura mwaka 1921, akathibitisha kwamba vagasi hutuliza moyo kwa kumimina dawa ya maumbile, si kwa umeme pekee.

Hapa ndipo nafsi inapoingia. Mtu aingiwapo na hofu, au alalapo na kuamka na dhiki isiyokwisha, vagasi hupunguza kazi yake, na mapigo, kinyume na tunavyodhania, huwa sawasawa zaidi, mfano wa mashine. Mwaka 2000 Julian Thayer na Richard Lane wa Marekani walitoa rai kwamba zile sehemu za ubongo zinazoizuia hofu isivuke mpaka zimeungamana na zile zinazouamrisha moyo, na tafiti nyingi zimekuta kwamba watu wenye sonona, au walioachiwa jeraha la nafsi na msiba mkubwa, wana tofauti ndogo ya mapigo kuliko wenzao. Ila hayo ni ya wastani wa makundi, na baina ya mtu na mtu makundi hayo huingiliana mno.

Kajiado, kaunti ulimo mji wa Kitengela, haina uchache wa mizigo ya namna hiyo. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na pale palipokuwa njia ya nyumbu na ng'ombe pakaota nyua, maduka na nyumba za kupanga. Ukame uliotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta kuwa janga la taifa mnamo Septemba 2021 ukawaachia wafugaji mizoga. Na mwenye mshahara naye humaliza saa nyingi katika msongamano wa barabara ya Namanga akiwaza karo. Wamaasai wenyewe si wageni wa vipimo vya moyo. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann alichapisha uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimaasai huko Tanganyika, miongoni mwa vipimo vyake zikiwamo picha za umeme wa moyo, akashangazwa kuona maradhi ya mishipa ni nadra kwa watu waishio kwa maziwa na nyama. Nafasi baina ya mapigo zilikuwamo katika karatasi zile zile. Ila swali la zama hizo lilikuwa mafuta, na sidhani kwamba yupo aliyefikiri kuutafuta moyo wa huzuni mle.

Katika tiba zinazotokana na elimu hii, iliyo nyepesi kuliko zote ni pumzi. Luciano Bernardi na wenziwe wa Italia walionyesha mwaka 2001 kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kukariri maneno ya ibada ya Kibudha, hushusha pumzi hadi kama mara 6 kwa dakika, na katika mwendo huo moyo hupanda na kushuka kwa upana mkubwa zaidi. Jambo hili halina gharama, na mtu aweza kulifanya ameketi ndani ya matatu, mradi asijilazimishe hata akaona kizunguzungu.

Kuhusu saa zenyewe, hadhari ni nyingi. Tarakimu hushuka kwa homa, kwa pombe, kwa kukosa usingizi, kwa kisukari na kwa umri, nayo haisemi ni kwa lipi. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 asijilinganishe na babake, bali ajilinganishe na nafsi yake mwenyewe, kwa majuma kadhaa, akipima asubuhi ametulia, kwani mkono unaotikisika huichafua mianga ambayo saa huyasomea mapigo, na mkanda wa kifuani ni mwaminifu zaidi. Tena yapo maradhi ambayo moyo hupiga ovyo bila utaratibu, yakaitoa tarakimu kubwa ya kupendeza ilhali mwenyewe yu hatarini kupatwa na kiharusi. Na ambaye huzuni imemkalia majuma mawili, akakosa usingizi na hamu ya chakula, asingoje saa imwambie: aende hospitali, Kitengela au Kajiado mjini, na zile tarakimu azichukue akipenda, tabibu azitazame baada ya kumsikiliza.