Simu ya Hamza na pembe za Ufipa

Agosti ni mwezi wa upepo Sumbawanga. Mahindi yameshaingia ndani, vumbi limechukua nafasi yake, na kijiweni kwetu Mazwi watu hawavui makoti mpaka jua liwe juu sana. Jumatano ya Agosti 25, 2021 simu zilizunguka kijiweni hapo mkono kwa mkono. Ndani ya video alionekana mtu mwenye bunduki akitembea kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi jijini Dar es Salaam, jirani na Ubalozi wa Ufaransa, bila haraka yoyote, kama anayekwenda kununua sukari.

Mpaka anauawa kwenye kibanda cha walinzi langoni mwa ubalozi huo, watu wanne walikuwa wameshapoteza maisha: askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni ya SGA. Wengine sita walijeruhiwa. Bunduki alizokuwa nazo alizipora kwa askari aliowaua. Siku hiyohiyo, jijini humohumo, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akizungumza na maofisa wakuu wa polisi.

Jina la muuaji huyo, Hamza Mohamed, halikutuambia kitu. Kilichotushtua ni neno lililofuata: Chunya. Tuliambiwa kijana huyo alikuwa na shughuli za dhahabu huko.

Kwa mtu wa Upanga, alikokuwa akiishi Hamza, Chunya ni jina la kwenye taarifa ya habari. Kwa Mfipa ni mahali babu alikokwenda na wakati mwingine hakurudi. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920, na enzi za Mwingereza vijana wa huku juu walishuka kwenda kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Ndiyo maana Sumbawanga ilipata maelezo yake kabla polisi hawajapata ya kwao.

“Mwanangu,” aliniambia mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye mashimo, “dhahabu haimtoi mtu akili bure. Hapo kuna mali iliyoliwa.”

Kwa lugha ya wachimbaji hiyo inaitwa dhuluma, na kila aliyewahi kushika sururu ana kisa chake: mawe yaliyochukuliwa, duara, yaani shimo la mgodi, lililobadilishiwa mwenyewe usiku. Kwamba Hamza aliwaelekezea askari bunduki, na watu kadhaa walimwona akipita karibu na raia bila kuwagusa, kulitosha kuwa ushahidi. Mimi ushahidi mwingine wa dhuluma hiyo sijauona hadi leo. Pembeni alikaa mama muuza ulezi, naye hakuitaka hata hiyo dhuluma. Yeye alisema ni dawa: wapo wanaokwenda kwa mganga kutafuta utajiri wa mgodi, na dawa ya namna hiyo hudai damu.

Cheka ukitaka, lakini mji wenyewe umebeba jina hilo. Sumba wanga, kwa Kifipa, ni tupa uchawi.

Septemba 2 Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, Camillus Wambura, akatoa maelezo ya dola. Hamza alikuwa gaidi, alijifunza kupitia mitandao, alitazama video za makundi kama Al-Shabaab, na aliishi maisha ya siri sana. Neno gaidi lilikuwa na uzito wa pekee msimu ule. Freeman Mbowe wa CHADEMA alikuwa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi tangu Julai, na askari wetu walikuwa wameshapelekwa Msumbiji pamoja na wenzao wa SADC. Picha za Hamza akiwa amevaa nguo za CCM nazo zilikuwa zinazunguka, kila upande ukimsukumia mwenzake maiti.

Nilichokiona mimi ni kwamba habari zenyewe hazikuongezeka. Zilikuwa zilezile chache: kijana mpole, mtu wa ibada, hana makundi, anasafiri Chunya. Aliyesema dhuluma aliuona upole ule kama wa mtu aliyevumilia mpaka akachoka. Mpelelezi aliuita siri. Mama muuza ulezi alisema mtu asiyeonekana kwenye pombe wala msibani ana lake jambo, na huku kwetu, ambako watu wazima bado wanachuchumaa na kupiga makofi wanaposalimiana, hilo si neno dogo.

Ufipa imewahi kuyapitia haya. Mwaka 1963 na 1964 vijana wa Kamcape walipita kijiji hadi kijiji wakisafisha uchawi, na mwanaanthropolojia Roy Willis akayaandika. Walitafuta pembe za dawa majumbani mwa watu, wazee hasa. Pembe iliyokaa miaka kwenye paa ikikinga watoto na homa iligeuka hirizi ya kuulia watu siku ile tu ilipotolewa nje. Pembe haikuwa na mdomo wa kusema ilikuwa ya nini.

Simu ya Hamza, na video anazosemekana kuzitazama, ni pembe ya aina hiyo, ila kwa tofauti moja kubwa: wazee wale wengi hawakumdhuru mtu, Hamza aliua wanne mchana kweupe. Kwamba aliua hakuna ubishi. Kwa nini aliua, marehemu hashtakiwi. Hakuna hakimu aliyeuliza video hizo zilikuwa ngapi, wala wakili aliyesimama kusema mchimbaji fulani alidhulumiwa au hakudhulumiwa. Maelezo ya polisi huenda ni ya kweli kabisa, ila hayakupita mahali ambapo yangeweza kupingwa, na kwa hiyo kijiweni yalikaa benchi moja na ya mama muuza ulezi.

Jioni ile ya Septemba 2, dereva mmoja wa bodaboda alikaa kando akafungua simu yake. Ana video za kila namna: mieleka, mahubiri, vita vya Somalia, ajali za malori. Alianza kufuta moja moja. Mzee wa Chunya akamuuliza anafanya nini.

“Nasafisha nyumba, babu.”

Mzee akamwachia nafasi kwenye benchi, akamwambia asiisahau ile ya mieleka.